Mzee Akikosa Kitufe, Tusimlaumu Mzee

Vijana wetu hupenda kusema wazee hawajui simu. Mimi naona lawama hiyo haiwastahili wazee.

Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alipima muda ambao mkono hutumia kufikia shabaha. Alipata jambo linalojulikana na kila aliyewahi kulenga embe kwa jiwe: shabaha ikiwa ndogo au mbali, kuifikia huchukua muda zaidi. Mwaka 1978, watafiti wa Xerox walionyesha kuwa kanuni hiyo inafuatwa hata na kipanya cha kompyuta.

Ndiyo maana kompyuta za Macintosh huweka menyu juu kabisa, ukingoni mwa skrini. Kishale kikifika pale hugota. Hata ukikisukuma kwa nguvu, hakipiti.

Kwenye simu tunatumia kidole, nacho ni kinene na huziba kile tunacholenga. Kwa sababu hiyo Google hushauri kitufe kiwe na takriban milimita 9 kila upande. Kitufe cha kutuma pesa kikiwa kidogo tena kimebanana na cha kughairi, mkono unaotetemeka utagusa kisichokusudiwa. Hapo tatizo si elimu ya mzee, ni kipimo cha kitufe.

Basi ndugu zangu mnaotengeneza programu hapa Pwani, kabla hamjaitoa kwa watu, kila mmoja ampe nyanyake aijaribu. Akikosa kitufe, msimfundishe kulenga. Kikuzeni kitufe.