Kupangua Rundo la Miito: Suala la Fremu za Ishara

Kitenzi kupangua ni kinyume cha kupanga, na kauli hiyo ya kutendua ndiyo ifaayo zaidi kuelezea kazi ya kompyuta inapotaka kujua programu ilifikaje pale ilipo. Kila kazi ndogo ya programu iitapo nyingine, huwekwa juu ya rundo la kumbukumbu fremu yenye anwani ya kurudia. Kipanguaji huanzia juu, husoma anwani, hushukia fremu iliyo chini yake, na kuendelea hivyo hadi chanzo cha programu.

Ugumu huletwa na ishara. Ishara hapa si dalili tu, kama neno lisikikavyo katika mazungumzo. Ni mkatizo utolewao na mfumo endeshi, kwa mfano programu inapogusa kumbukumbu isiyo yake. Kwa hakika istilahi mkatizo ingaliifaa dhana hii zaidi.

Achukuliwe fundi wa pancha pale Maungu, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Amtumapo mwanagenzi wake Voi kununua mpira, huandika hatua ya kuanzia mpira utakapofika: kuufunga. Atakaye kujua fundi alikuwa katika hatua gani hana budi kurudi moja nyuma: alikuwa akituma. Lakini dereva wa lori akimpigia honi angali anakaza nati, kinachoandikwa ni hatua ile ile iliyokatizwa. Tena yampasa aandike mahali pa kila chombo, kwani spana ingali mkononi na jeki ingali chini ya gari.

Ndivyo ilivyo katika rundo. Kwa mwito wa kawaida, anwani iliyohifadhiwa ni ya amri iufuatayo mwito. Kipanguaji hupunguza moja ili kitue ndani ya amri iliyoita. Kwa fremu ya ishara, anwani ni ya amri yenyewe itakayorudiwa au kuanzwa. Kipanguaji kikipunguza moja, na amri hiyo ikiwa ya kwanza katika kazi yake, kitatua katika kazi jirani isiyohusika kabisa. Mrekebishaji naye atashinda akiishuku isiyo na hatia.

Fremu hii hutambuliwaje? Katika Linux, kwa vichakataji vya x86-64, kazi iliyoipokea ishara hurudi kwenye kipande cha amri mbili tu: ya kwanza huweka namba 15 katika rejista, ya pili hukiomba kiini cha mfumo kirejeshe hali ya awali. Kipanguaji kikikuta anwani ya kurudia inaelekea baiti tisa hizi, 48 c7 c0 0f 00 00 00 0f 05, hujua kimefika kwenye mkatizo, kisha husoma rejista zote zilizohifadhiwa rundoni. Njia nyingine ni maelezo ya upanguaji yafuatayo muundo wa DWARF, ambamo herufi S huitia fremu hiyo alama. Njia hii ni safi zaidi, ila hutegemea aliyeandika maktaba awe ameiweka herufi hiyo; ndiyo maana libunwind ingali ikichungulia baiti. Nazo baiti hutofautiana: katika ARM ya biti 64 namba si 15 bali 139, hivyo kila aina ya kichakataji hufundishwa peke yake.