Sungura wa Watoto na Uzazi Usiotarajiwa Katika Nyumba za Askari

Katika kambi nyingi za jeshi na vituo vya polisi hapa Uganda, nyuma ya nyumba za familia, mtu hakosi kukuta kizimba cha mbao na waya chenye sungura wawili watatu. Baadhi yao hufugwa kwa ajili ya nyama. Wengine ni wanyama wa watoto: wana majina yao, hulishwa kishona nguo na majani ya viazi vitamu kabla watoto hawajaenda shule, na baba apatapo uhamisho huachiwa jirani kama mtu anavyoachiwa amana. Ni hao wa watoto tunaotaka kuwazungumzia leo, na hasa jambo moja lililoharibu furaha ya nyumba nyingi, nalo ni uzazi usiotarajiwa.

Mambo huanza hivi. Baba huleta sungura wawili kutoka sokoni, naye ameapiwa na muuzaji kuwa wote ni majike. Miezi michache hupita. Asubuhi moja mtoto hupiga kelele uani: kizimbani mna viumbe sita vyekundu visivyo na manyoya, na vitatu kati yao vimekwisha kufa kwa baridi juu ya waya. Hakuna aliyetayarisha kiota, kwa kuwa hakuna aliyejua. Na yule "jike" wa pili, ambaye kwa hakika ni dume, yumo humo humo, tena amekwisha kumpanda mama kabla jua halijapanda. Tuliyaona hayo kwa macho yetu katika kambi moja ambayo hatutaitaja, nasi tulimwona binti wa miaka kama minane akiwa amevikusanya vile vilivyokufa ndani ya kofia ya baba yake, akingoja mtu mzima amwambie la kufanya. Mwezi mmoja baadaye yakatokea yale yale. Mara ya kwanza twaweza kuiita bahati mbaya. Mara ya pili ingezuilika kwa ubao mmoja na misumari.

Mtu aliyezoea ng'ombe na mbuzi hudhani kuwa kila jike ana siku zake za joto, na kwamba nje ya siku hizo hapana hatari. Kwa sungura sivyo. Mayai ya sungura jike hayashuki kwa kufuata kalenda, bali hushushwa na tendo lenyewe la kupandwa, kiasi cha saa 10 hadi 12 baada ya tendo hilo. Kwa hiyo karibu kila siku ni siku ya hatari. Tena tendo lenyewe huchukua sekunde chache tu. Dume hupanda, hujitupa ubavu, na mambo yamekwisha. Mama aliyeingia jikoni kuepua chungu atarudi akiwakuta wote wawili wametulia wanatafuna majani, asijue kuwa kuna jambo lililopita.

Mimba huchukua siku 31 hivi, mara nyingine hupungua au kuzidi kwa siku moja au mbili. Na hapa ndipo penye shida kubwa zaidi: jike aliyezaa alfajiri aweza kushika mimba nyingine siku iyo hiyo, hata kabla watoto wake hawajapata shibe yao ya kwanza. Hebu tufanye hesabu ndogo. Jike mmoja akizaa watoto sita, nao wala si wengi kwa sungura, kisha dume asiondolewe, katika miezi minne aweza kuzaa mara nne, yaani watoto 24. Kufikia wakati huo wale wa uzazi wa kwanza wana umri wa miezi mitatu, na mwezi mmoja tu baadaye wengi wao watakuwa tayari kuzaa, ndugu kwa ndugu na watoto kwa mama yao. Mama mwenyewe, anayenyonyesha huku ana mimba, hukonda hadi mifupa ya mgongo ikahesabika. Mshahara wa askari haukupangiwa jambo hilo, wala kizimba cha mtoto.

DUME AU JIKE?

Karibu kila mkasa wa namna hii una chanzo kimoja: mtu alidhani anajua jinsia ya mnyama wake. Kuitambua si jambo gumu, ila lataka utulivu. Keti chini, mlaze sungura chali mapajani, nawe ushike vema mgongo na miguu ya nyuma, kwa maana sungura akirusha teke akiwa ameshikwa vibaya aweza kujivunja uti wa mgongo. Kisha kwa vidole viwili bonyeza polepole pale mbele ya tundu la haja kubwa. Kwa dume patachomoza kijibomba chenye ncha ya mviringo na tundu dogo katikati. Kwa jike patafunuka mpasuko mrefu, mfano wa jani lililokunjwa, unaoelekea upande wa tundu la haja kubwa.

Sungura wakiwa wadogo, chini ya wiki nane, hata mfugaji mzoefu hukosea. Dawa yake ni kukagua tena: wiki ya nane, wiki ya kumi, wiki ya kumi na mbili. Kuna wanaongoja kuona kende. Hizo huanza kuonekana yapata wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, lakini sungura dume ana uwezo wa kuzirudisha tumboni, hasa akiwa na hofu au akisikia baridi. Askari hahitaji kuelezwa kwamba adui asiyeonekana si lazima awe hayupo.

Matokeo ya ukaguzi yaandikwe. Polisi wenzetu wana kitabu chao cha matukio, nao wanajua kuwa lisiloandikwa huwa kama halikutokea. Daftari la shule la kurasa chache latosha: jina la sungura, rangi yake, tarehe aliyozaliwa ikiwa yajulikana, jinsia, na tarehe ya kila ukaguzi. Mpeni mtoto kazi hiyo. Ataifanya kwa uaminifu kuliko baba yake.

Madume na majike watengwe kufikia wiki ya kumi, wala isingojwe zaidi. Sungura wa aina ndogo huweza kushika mimba wakiwa na miezi mitatu na nusu au minne, na wale wakubwa huchelewa kidogo. Kutenga si kukigawa kizimba kwa pazia la waya peke yake. Wafugaji husimulia mimba zilizopatikana kupitia waya wenye matundu mapana, nasi hatuoni sababu ya kulifanyia jambo hilo majaribio. Pigilia ubao mzima katikati, au uweke vizimba viwili vyenye nafasi kati yao. Komeo liwe la kukaza, si kamba. Na watoto wanapowafungulia sungura uani wacheze, watoke kwa zamu: majike asubuhi, madume jioni, na mlinzi wa zamu ahakikishe wa kwanza wamerudi ndani na komeo limefungwa kabla wa pili hawajatoka. Watoto wa kambini wanajua zamu ni nini, nao hulifurahia sana jambo hili.

Wengine watauliza kama haifai dume ahasiwe. Inafaa, tena kwa anayetaka kuwaweka sungura wawili wa jinsia mbalimbali pamoja ndiyo njia bora, kwa kuwa mnyama huyu hapendi upweke, na madume wawili waliokomaa hupigana hadi kujeruhiana vibaya. Lakini kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya usingizi. Asithubutu mtu kuifanya kwa wembe kama tulivyoona vijijini ikifanyiwa mbuzi. Tena dume aliyehasiwa aweza kuendelea kutia mimba hadi wiki sita baada ya upasuaji, hivyo akae peke yake muda huo wote. Jike naye aweza kuondolewa kizazi. Upasuaji wake ni mkubwa zaidi, bali humwepusha na saratani ya kizazi, ambayo huwapata majike wengi wanapozeeka.

IKIWA IMEKWISHA TOKEA

Tuseme ulinzi ulivunjika, na dume amekutwa katika kizimba cha jike. Andika tarehe. Aliye karibu na daktari wa mifugo amwendee siku zile zile za mwanzo, kwa kuwa yako mambo awezayo kuyafanya mimba ikiwa changa. Mizizi na majani ya kuharibu mimba ambayo jirani hatakosa kuyapendekeza yaachwe kabisa. Yaweza kumuua mama. Asiye na daktari ahesabu siku 28, na siku hiyo aweke kizimbani sanduku la mbao la kuzalia, lenye urefu wa sentimeta 45 hivi na upana wa 30, lililojazwa nyasi kavu laini. Pamba na vipande vya nyuzi visitumike, maana hujisokota katika miguu ya vitoto na kuikata.

Jike akianza kubeba nyasi mdomoni na kujing'oa manyoya ya kifuani, saa yake imekaribia. Hapo pana hadhari moja. Jike aliyepandwa bila kushika mimba, hata aliyepandwa na jike mwenzake, aweza kufanya vitendo hivyo hivyo siku ya 16 hadi ya 18, kisha asizae kitu. Hiyo ni mimba ya uongo, nayo hupita yenyewe. Hii ni sababu nyingine ya kuandika tarehe.

Wakishazaliwa, jambo la kwanza, kabla ya kuhesabu, kabla ya kuwaita watoto waje kutazama, ni kumwondoa dume ikiwa yumo. Kisha vikaguliwe vitoto. Wazee wengi husema mtu akivigusa, mama atavila. Kwa sungura aliyezoea mikono ya watu hilo si kweli. Osha mikono, jipake harufu ya nyasi za kiota, ukague upesi na kwa utulivu. Toa vilivyokufa. Kilicho nje ya kiota kirudishwe, kwa sababu sungura hana tabia ya paka ya kumbeba mtoto wake kwa mdomo. Kilichoanguka nje hubaki nje mpaka kife. Nacho kikionekana kimekufa, usiharakishe kukitupa. Kipashe moto kwanza viganjani au kifuani kwa muda, au kando ya chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa. Vingi vimefufuka namna hiyo. Kwa wenzetu walio Kabale, kwenye baridi ya milimani, neno hili lina uzito zaidi.

Jambo linalowatia watu hofu bure ni kwamba mama haonekani akinyonyesha. Sungura hunyonyesha mara moja, pengine mbili, kwa siku nzima, kwa dakika tatu hadi tano tu, na mara nyingi usiku au alfajiri. Saa nyingine hukaa mbali na kiota, na kwa mnyama anayewindwa hiyo ndiyo hekima, kwa kuwa hataki kumwonyesha adui watoto walipo. Basi usimhukumu mama kwa kutokuwapo. Tazama matumbo ya vitoto asubuhi. Tumbo la duara lililojaa ni dalili kuwa amekuja. Tumbo lililobonyea na ngozi ya makunyanzi kwa siku nzima ni dalili ya shida. Ikiwa jirani ana jike aliyezaa siku hizo hizo, vitoto hivyo vyaweza kutiwa katika kiota chake, naye mara nyingi hupokea. Kuvilea kwa maziwa ya ng'ombe hatukupendekezi, kwa kuwa maziwa ya sungura yana mafuta zaidi ya mara mbili ya hayo, na wengi waliojaribu wamezika.

Adui mwingine wa kiota ni siafu. Miguu ya kizimba isimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, ambayo haikosekani karawini, nayo makopo yakaguliwe kila jioni. Kundi moja la siafu humaliza uzazi mzima usiku mmoja.

Macho ya vitoto hufunguka siku ya kumi hadi ya kumi na mbili, na kufikia wiki ya tatu huanza kutoka nje na kuonja majani. Visigawiwe kwa watu kabla ya wiki ya nane. Kuna watakaosema, kwa nini wasichinjwe? Nyama ya sungura ni chakula chema, wala hatumkatazi mtu. Lakini uamuzi huo usemwe wazi mbele ya watoto tangu mwanzo, wasije wakagundua sufuriani.

Njia ambayo haifai hata kidogo ni kuwafungulia waende zao porini. Hapa kwetu sungura aliyezaliwa kizimbani huwa windo la mbwa na kunguru kabla ya siku kwisha. Na kwingine ilikuwa balaa la upande wa pili. Mwaka 1859, huko Australia, tajiri mmoja aitwaye Thomas Austin aliwaachia sungura 24 hivi katika shamba lake la Victoria ili apate windo la bunduki. Walizaana kiasi kwamba kati ya mwaka 1901 na 1907 serikali ya Australia ya Magharibi ilijenga uzio wa zaidi ya kilometa 1,800 kuwazuia, nao wakaupita.

Limebaki suala la uhamisho. Amri ikija, familia huwa na siku chache za kufunga mizigo, na sungura hugawiwa kwa haraka, huyu kwa sajini wa nyumba ya pili, yule kwa koplo wa ng'ambo ya uwanja wa gwaride. Anayekabidhi jike amkabidhi pamoja na daftari lake, na katika ukurasa wa mwisho aandike tarehe ya mwisho ambayo jike huyo alikuwa pamoja na dume yeyote. Anayepokea ahesabu siku 28 tangu tarehe hiyo, aweke sanduku, na asimchanganye na sungura wake mwenyewe mpaka siku ya 35 ipite.