Biashara ya woga

Wanafunzi wenzetu, kule Marekani kuko nyumba za giza, zenye mizimu ya uongo, na watu wanalipa feza ili waingie kuogopeshwa. Juu ya nini mtu alipie woga, na sisi huku tunaukimbia?

Jibu la kwanza: mteja anajua ya kwamba hakuna kitu kitamwumiza. Moyo unapiga mbio, analia kwa nguvu, kisha anatoka akicheka na wenzake. Kesho anawaambia wengine, nao wanakuja.

La pili ni hesabu. Nyingi zinafunguliwa majuma machache tu, kufika sikukuu ya 31 Oktoba, basi lazima wapite watu wengi upesi. Ile ya Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1969, inawapitisha watu ndani ya vigari vinavyofuatana, hakuna kusongana. Mizimu yake mingine iko kioo na taa tu, ujanja ulioonyeshwa London tangu 1862.

La tatu ndilo kubwa. Tarehe 11 Mei 1984, nyumba moja ya namna hiyo iliwaka moto katika New Jersey. Vijana 8 walikufa. Ndani mlikuwa vitu vya kushika moto upesi, na hakukuwa mitambo ya kunyunyiza maji. Kisha sheria zilikazwa.

Basi mwenye nyumba anauza woga wa mchezo. Usalama lazima uwe wa kweli. Na sisi, tukicheza teatre ya Noeli na mishumaa, tuulize kwanza: mlango uko wazi?