Kabla ya kumnunulia mtoto baiskeli, jua atapita wapi

Dar es Salaam. Baiskeli ni miongoni mwa zawadi ambazo watoto huziomba kwa muda mrefu kuliko zote. Mzazi huahidi kuinunua mtoto akifaulu mtihani, likizo ikifika au mshahara ukiruhusu. Siku inapofika, mazungumzo dukani huwa ni ya bei, rangi na ukubwa wa tairi. Swali ambalo huulizwa mara chache ni lile linaloamua usalama wa mtoto: akitoka nje ya geti, atapita wapi?

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, jibu ni gumu. Mtaani hakuna njia ya baiskeli, barabara kubwa ina magari yanayokwenda kasi, na pembeni ya lami ni mtaro, mchanga au bodaboda zinazosubiri abiria. Hata hivyo, kumnyima mtoto baiskeli si jibu pekee. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka mitano hadi 17 afanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na kuendesha baiskeli ni njia mojawapo rahisi ya kuzifikisha. Mtoto anayeendesha anaimarisha moyo, mapafu na misuli, na anajifunza kujitegemea. Kazi ya mzazi ni kupunguza hatari.

Njia zipo, ila zinakatika

Jiji halikuanza jana kufikiria waendesha baiskeli. Miaka ya 1990, Temeke na Morogoro zilikuwa miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki yaliyochaguliwa kwa mradi wa majaribio wa kuboresha njia za watembea kwa miguu na baiskeli. Hatua kubwa zaidi ilikuja na mabasi yaendayo haraka, maarufu mwendokasi, yaliyoanza kutoa huduma Mei 2016. Awamu ya kwanza, yenye takriban kilomita 21, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli kutoka Kimara hadi Kivukoni, ikiwa na matawi ya kwenda Morocco kupitia Barabara ya Kawawa na Gerezani kupitia Msimbazi. Mwaka 2018 jiji lilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kutokana na mradi huo.

Kwenye ramani, hiyo ni njia ndefu na salama. Barabarani mambo ni tofauti. Kuna sehemu bodaboda hupita humohumo kukwepa foleni, na nyingine hugeuzwa kijiwe cha kusubiri abiria wanaoshuka kwenye mabasi. Kwingine kuna meza za biashara, magari yaliyoegeshwa au rundo la mchanga wa ujenzi. Mwendesha baiskeli akikuta njia imezibwa, hubaki na mambo mawili: kuingia upande wa waenda kwa miguu au kushuka kwenye lami ya magari.

Hapo ndipo hatari inapozidi. Dereva aliyezoea kuona baiskeli pembeni hatarajii ijitokeze mbele yake ghafla. Mtu mzima hugeuza kichwa kwanza kuangalia nyuma. Mtoto wa miaka 10 huangalia kile kilichomzibia njia, anakikwepa, kisha ndipo anakumbuka magari.

Sehemu nyingine ya kuangaliwa ni mahali barabara za mtaa zinapokutana na barabara kuu. Dereva anayekata kuingia mtaani huwa macho yake yako kwenye magari yanayokuja, si kwenye baiskeli inayonyoosha pembeni yake. Hata palipo na njia nzuri, mtoto afundishwe kupunguza mwendo kila anapofika kwenye mdomo wa barabara, na kushuka aikokote baiskeli kama haoni vizuri.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba njia hizi ziko kando ya barabara kuu, wakati watoto wengi huendesha mitaani: kwenda dukani, msikitini, kanisani, kwa rafiki au shuleni. Huko mtoto anagawana kipande kimoja cha barabara na bajaji, bodaboda, magari ya mchanga na majirani wanaorudi kazini.

Takwimu zinazomhusu mtoto wako

Ripoti ya WHO ya mwaka 2023 inaonyesha kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kusababisha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni wale wasio na bodi la gari la kuwakinga, yaani watembea kwa miguu, waendesha pikipiki na waendesha baiskeli. Waendesha baiskeli pekee ni takriban asilimia sita ya vifo vyote.

Mtoto yuko kwenye hatari kubwa kwa sababu kadhaa. Ni mfupi, hivyo gari lililoegeshwa linatosha kumficha. Mifupa yake bado inakua na kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili. Pia ubongo wake bado haujawa tayari kupima kasi ya kitu kinachomjia.

Utafiti wa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha London, Royal Holloway, uliochapishwa mwaka 2011, ulibaini kwamba watoto wa shule ya msingi hushindwa kukadiria kwa usahihi ujio wa gari linalokwenda zaidi ya takriban kilomita 32 kwa saa. Kwa hiyo mtoto anayesema "gari bado liko mbali" hadanganyi wala si mkaidi. Ndivyo anavyoliona.

Linganisha na barabara zetu. Kikomo cha mwendo kwenye maeneo ya makazi nchini ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari husogea karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 30 kwa saa husogea mita nane tu. Tofauti hiyo ya mita sita ndiyo inayompa dereva nafasi ya kukanyaga breki kabla ya kumfikia mtoto.

Helmeti si pambo

Wazazi wengi hununua baiskeli bila helmeti, kwa hoja kwamba mtoto anacheza mtaani tu. Lakini kichwa hakijali ajali imetokea barabara kuu au kwenye kokoto za uwanjani. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kwamba kwa waendesha baiskeli waliopata ajali, uvaaji wa helmeti ulihusishwa na kupungua kwa uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa takriban asilimia 70.

Helmeti inayopwaya haisaidii. Ikae sawasawa kichwani, na ukingo wake wa mbele uwe juu ya nyusi kwa upana wa vidole viwili. Mikanda itengeneze umbo la V chini ya kila sikio, na chini ya kidevu ibaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Isirudishwe kisogoni kama kofia ya mapambo. Ikishagonga chini kwa nguvu, ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa. Helmeti ya pikipiki ya mtu mzima si mbadala, kwa kuwa ni nzito na humzuia mtoto kugeuza shingo.

Hata hivyo, helmeti haizuii ajali. Inapunguza madhara ya kichwa ajali ikishatokea. Haimlindi mtoto dhidi ya breki mbovu wala dereva anayekimbia.

Majeraha yanayochukuliwa kirahisi

Mtoto akianguka na kuchubuka goti, mzazi huosha kidonda na maisha yanaendelea. Yapo majeraha mengine ambayo hayaonekani kwa macho na yanahitaji hospitali.

La kwanza ni pigo la usukani tumboni. Baiskeli inaposimama ghafla, usukani hugeuka na ncha yake humchoma mtoto tumboni. Nje inaweza kubaki alama ndogo ya duara, lakini ndani ini, bandama au kongosho likawa limeumia, na dalili zikachelewa kujitokeza. Mtoto aliyepigwa na usukani akilalamika maumivu ya tumbo yanayozidi, akitapika, akipauka au tumbo likiwa gumu, apelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi.

La pili ni mguu kuingia kwenye spoki. Huwapata zaidi watoto wadogo wanaopakiwa nyuma na kaka au dada zao. Kisigino na kifundo huweza kuchanika vibaya na wakati mwingine mfupa huvunjika. Kama mtoto lazima apakiwe, awe na kiti chenye kinga ya miguu, na anayemwendesha awe mtu mzima.

La tatu ni kichwa. Baada ya kuanguka, mtoto akipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, akitapika mara kwa mara, akilala kupita kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege au kutokwa damu au maji puani au masikioni, hiyo ni dharura. Akilalamika shingo, asiinuliwe wala kukalishwa. Atulizwe palepale, kichwa na shingo visisogezwe, huku msaada ukitafutwa.

Kagua kabla hajatoka

Mzazi hahitaji kuwa fundi kufanya ukaguzi wa dakika tano kila mwisho wa wiki:

1. Ukubwa. Mtoto akisimama katikati ya fremu, nyayo zote mbili ziguse chini. Akikaa kwenye kiti, angalau vidole vifike chini. Baiskeli ya "atakua nayo" humfanya ashindwe kuidhibiti leo.

2. Breki. Bana breki kisha sukuma baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, ipelekwe kwa fundi kwanza. Kwa baiskeli ya mtumba, badilisha raba za breki na waya kabla mtoto hajaipanda.

3. Tairi, mnyororo na usukani. Tairi liwe na upepo wa kutosha, mnyororo usilegee, na usukani usizunguke peke yake unaposhikilia gurudumu la mbele kwa magoti.

4. Kuonekana. Weka viakisi mwanga mbele na nyuma. Sare za bluu au kahawia hazionekani vizuri alfajiri na jioni, hivyo nguo au mkanda wenye rangi kali husaidia. Giza likiingia, mtoto asiwe barabarani.

5. Masikio. Simu na spika za masikioni zibaki nyumbani. Mtoto anahitaji kusikia honi na mlio wa bodaboda inayokuja nyuma.

Baada ya ukaguzi, tembea naye kwa miguu njia atakayopita. Muonyeshe wapi ashuke na kukokota, wapi magari hutokea bila kuonekana, na ukumbushe kwamba huku kwetu baiskeli hukaa kushoto, ikifuata uelekeo wa magari. Njia ndefu ya vichochoroni mara nyingi ni bora kuliko ya mkato inayovuka barabara kubwa.

Barabara hurekebishika

Ni rahisi kuamini kwamba barabara ni hatari na itabaki hivyo. Uzoefu wa hapahapa Dar es Salaam unaonyesha vinginevyo. Mpango wa kuboresha usalama wa barabara zinazozunguka shule, unaotekelezwa na shirika la Amend, ulianzia jijini na kusambaa katika nchi nyingine za Afrika. Hatua zake ni za kawaida: njia za miguu, matuta, vivuko, alama, na lango la shule kuhamishiwa upande ulio salama. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross.

Hata Uholanzi, inayosifiwa leo kwa baiskeli, ilipita huku. Mwaka 1971 zaidi ya watoto 400 walikufa nchini humo kwa ajali za barabarani. Wazazi walikuwa mstari wa mbele katika maandamano yaliyofuata wakidai mitaa salama, na shinikizo hilo lilichangia kubadili namna barabara zilivyojengwa.

Wazazi wa hapa nao wana mahali pa kuanzia. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya Tarura, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya Tanroads. Ombi linalotoka kwenye mkutano wa serikali ya mtaa au kamati ya shule, likitaja mahali na kitu kinachotakiwa, ni vigumu kulipuuza kuliko malalamiko ya jumla. Tuta mbele ya lango la shule, mfuniko wa mtaro uliobomoka au kijiwe cha bodaboda kusogezwa kutoka kwenye njia ya baiskeli ni mambo yanayoweza kupigwa picha, kuandikwa na kufuatiliwa.

Chama cha waendesha baiskeli jijini, Uwaba, kimekuwa kikidai njia salama kwa miaka mingi. Sauti ya wazazi ikiongezeka, mhandisi anayechora barabara mpya atakumbushwa kwamba miongoni mwa watakaoitumia yumo mtoto wa darasa la tano mwenye begi mgongoni, ambaye bado hajui kupima kasi ya gari linalomjia.