Dini Ichunguzwe Kabla ya Kuhukumiwa

Mwanzoni mwa 2019, msichana aliyejiunga na kidato cha kwanza katika Shule ya Upili ya Olympic, Kibera, aliambiwa avue kilemba. Rasta zake zilipoonekana akarudishwa nyumbani. Wazazi wakaenda Mahakama Kuu, na Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba kumtoa mtoto shuleni kwa ajili ya nywele hizo kulivunja haki yake.

Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 iko wazi: mtu hawezi kunyimwa huduma, kazi wala haki nyingine kwa sababu ya imani yake. Lakini ili ibara hiyo imfae mtu, sharti kwanza mtu aweze kueleza imani hiyo ni nini. Sensa ya 2019 haikuwapa Marasta hata safu yao. Kundi la "dini nyingine" lilijumuisha zaidi ya watu 460,000. Huwezi kumtetea usiyemjua.

Ndiyo maana asasi ya haki za binadamu inahitaji watafiti wa dini. Mtafiti mzuri hatosheki na cheti cha usajili. Huhudhuria ibada, hukaa na akina mama baada ya mahubiri, huuliza sadaka inashikwa na nani, mtoto akiugua anapelekwa wapi, na muumini akitaka kuondoka anafanywa nini. Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu uhuru wa kuabudu ni pamoja na uhuru wa kuacha.

Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 ya waumini walioaminishwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, mingi ikiwa ya watoto. Asasi ya haki za binadamu ya HAKI Africa, Mombasa, ilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Imani yenyewe serikali haina mamlaka ya kuipima. Lakini kumnyima mtoto chakula, shule au dawa ni tendo, na sheria inaweza kulizuia. Tofauti hiyo huonekana kwa aliyekwenda kusikiliza mapema.

Kikosi kazi cha Mchungaji Mutava Musyimi, kilichoundwa na rais baada ya Shakahola, kilikabidhi ripoti Julai 2024, na mjadala ukaelekea kwenye sheria ya kusimamia mashirika ya dini. Naihofia njia hiyo ikiachwa peke yake: itawabana wanaoabudu chini ya mti bila kosa, na mwenye ukumbi na vyeti apite. Watafiti wa kuikamilisha wapo: huku Karen na Langata, Nairobi, tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Tangaza na Africa International University. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, asasi ya kiraia iliyozaliwa 1992, iko Gitanga Road, si mbali. Wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wakae na mawakili wa asasi hiyo, kisha waende Malindi, karibu na Shakahola, na Kibera, na yale watakayoyasikia yaandikwe kwa lugha ambayo hakimu na chifu wataweza kuitumia.