Keko: mbao kwa fundi, faida kwa mwenye mchoro

Mteja wa Keko siku hizi haji na maneno, anakuja na picha. Anafungua simu, anamgeuzia fundi kioo, anasema, "Fundi, nataka kama hili." Kabati lenyewe limepigwa picha Istanbul au Guangzhou, au limechorwa tu kwenye kompyuta na halijawahi kusimama katika chumba chochote duniani. Halina kipimo hata kimoja. Kuanzia hapo kazi ya fundi si randa wala msasa. Ni kuisoma picha, kukisia urefu na kina, kuhesabu shiti ngapi za MDF zitaingia, na kutaja bei kabla mteja hajasogea kwa jirani.

Sehemu hii ya Temeke imejenga jina kwa fanicha. Watu wa Dar es Salaam wengi, wakianza maisha, kitanda chao cha kwanza cha sita kwa sita kimetoka kando ya barabara hizi, kikapakiwa kwenye toyo na kufika nyumbani vanishi ikiwa bado inanukia. Mninga na mkongo ndiyo ilikuwa heshima ya mahali. Bado ipo kwa mwenye fedha, lakini makabati ya nguo na ya jikoni yamehamia kwenye MDF, na pamoja na MDF imekuja hesabu nyingine kabisa. Julai 2022 nchi za Afrika Mashariki ziliweka ushuru wa asilimia 35 kwa kundi la bidhaa kutoka nje, fanicha zikiwamo. Fundi wa ndani alipaswa kufurahi. Tatizo ni kwamba ushuru unazuia kabati, hauzuii picha yake, na mteja amekwishaiona.

Tuitazame hesabu hiyo kwa karibu, maana ndiyo penye fedha. Shiti moja ya MDF ina upana wa milimita 1,220 na urefu wa 2,440, yaani ile nne kwa nane ya kawaida. Fundi aliyekulia kwenye futi ataona mbavu mbili za kabati zenye kina cha futi mbili kila moja, na kwa akili ya haraka zinaenea: mbili na mbili ni nne. Lakini futi mbili ni milimita 609.6. Zikiwa mbili zinafika 1,219.2, na kinachobaki hakifiki hata milimita moja, wakati msumeno wenyewe unatafuna kama milimita tatu kila unapopita. Ubavu wa pili unatoka mwembamba, mlango haukai sawa, na shiti nyingine inafunguliwa. Programu ya kupanga mikato inaulizia unene wa msumeno, kisha inakuonyesha kwamba ukishusha kina hadi milimita 600 mambo yanaenea na nafasi inabaki. Fundi mzoefu hilo analijua kwa jicho, na wengine wangenicheka kwa kulieleza kirefu hivi. Ila jicho halitumwi kwa WhatsApp kwenda kwa mwenye mashine.

Mwenye mashine ndiye mhusika mpya wa biashara hii. Ana CNC ya kuchonga na kukata, ana kompyuta, na aghalabu ana kijana anayejua kuchora. Fundi anabeba shiti zake, anaeleza kwa mikono anachotaka, kijana anachora, mashine inakata, fundi analipa. Anarudi benchini kuunganisha, kupiga gundi na kuweka bawaba. Yeye ndiye mwenye mteja, mwenye deni la mbao, na mwenye lawama mlango ukipinda. Lakini sehemu ya kazi iliyo adimu zaidi, ile ya kugeuza picha kuwa vipimo, imeshatoka mikononi mwake na ameilipia.

Ajabu ni kwamba chuo cha ufundi stadi hakiko mbali. Kituo cha VETA cha mkoa kipo Chang'ombe, jirani kabisa, na kwa asiyebeba mbao ni mwendo wa miguu. Kwa nini basi foleni ya mafundi wa Keko haionekani getini? Jibu la kwanza ni saa. Fundi analipwa kwa kipande. Siku asiyoshika kazi ni siku isiyo na ugali, na kwa mwanafunzi wake vilevile. Jibu la pili ni aina ya somo. Neno "kompyuta" mitaani kwetu bado linamaanisha ile kozi ya miezi mitatu ya kuandika barua, kupanga jedwali na kutuma baruapepe, kozi iliyozaliwa na mahitaji ya ofisi na steshenari. Seremala akiimaliza anapata cheti kizuri, na kabati lake linabaki vilevile.

Tukumbuke pia tulikotoka. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Walimu wa ufundi wa kizazi kizima walifundishwa, na wakafundisha, mashine hiyo ikiwa kitu cha wengine.

Halafu kuna fedha. Mafunzo ya ufundi nchini yanategemea sana tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) huikusanya kwa mwajiri kama asilimia ya mishahara. Kiwango chake kimekuwa kikishuka. Julai 2023 kilishushwa hadi asilimia 3.5. Tangu 2021 mwajiri mwenye watu chini ya kumi haimhusu. Karakana za Keko nyingi ni bosi, mafundi wawili watatu na vijana wa kujifunza, hivyo zimepona tozo, na hakuna anayelalamika. Lakini asiyelipa tozo huwa hana pa kugonga meza. Kiwanda kikubwa kinaweza kuuliza fedha yake imefunza nani. Fundi wa Keko Magurumbasi atamuuliza nani?

Jaribio lililokaribia benchi kuliko mengine, kwa maoni yangu, ni VSOMO, programu ya simu ambayo VETA ilianzisha pamoja na Airtel mwaka 2016. Nadharia unaisoma kwenye simu kwa wakati wako, kisha unakwenda chuoni kwa vitendo. Wazo la kugawanya saa namna hiyo ndilo linalomfaa mtu wa Keko. Tayari anajifunza hivyo bila mtu kumpangia: jioni utawakuta vijana wanatazama video za Wahindi na Waturuki wakifunga droo zisizo na vishikio. Lugha hawaisikii, mikono wanaielewa. Wanachokosa ni mtu wa kuwasahihisha, na karatasi ya kuonyesha benki.

Karatasi nayo ina njia. VETA ina utaratibu wa kumtambua fundi aliyejifunzia mtaani: anapimwa, anajaziwa mapengo, anapewa cheti. Ningeongeza humo kipimo kimoja: mpe seremala picha ya simu, saa mbili na kompyuta, atoe orodha ya mikato. Atakayeshindwa ndiye wa kujaziwa pengo hilo, jioni, kwa kabati aliloagizwa wiki hiyo.

Kwa upande wa shule, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na Serikali ilianza kujenga vyuo vya VETA katika wilaya 64. Ni hatua kubwa, ingawa matunda yake yatafika sokoni baada ya miaka. Mwanafunzi wa amali aliyeingia kidato cha kwanza mwaka ule, Keko itamwona akiwa na miaka kumi na minane hivi, na MDF huenda itakuwa imeshapitwa na kitu kingine.

Kwenye kibanda cha mashine, kijana wa kuchora anahifadhi kila kabati kwa jina la fundi aliyelileta. Mteja mwingine akija na picha ileile, hachori tena. Anafungua faili, anabadili urefu, mashine inaanza kulia. Fundi aliyelibuni kwa kukisia picha amesimama mlangoni na shiti zake begani, na bei ni ileile ya mara ya kwanza.