Mwiba Hutokea Ulipoingilia

Paukwa! Niitikieni pakawa, kisha sogeeni karibu, maana leo hadithi yangu ina simba.

Hapo kale, zama za dola ya Warumi, alikuwako mtumwa aliyeitwa Androclus. Bwana wake alikuwa liwali wa jimbo la Afrika, huko kaskazini iliko Tunisia ya leo, naye alimpiga mtumwa wake kila siku bila kosa. Androclus akachoka, akatoroka, akaingia jangwani. Jua la adhuhuri lilipomzidi akajificha pangoni. Hakukaa sana. Simba akaingia, anachechemea, mguu mmoja unavuja damu, anaguna kwa maumivu. Androclus akajua siku zake zimekwisha. Lakini simba hakumrukia. Alimkaribia taratibu, akauinua mguu wake, akamnyooshea. Katika wayo kulikuwa na kijiti kikubwa kimezama.

Hapa tegeni masikio. Mwandishi Mrumi Aulus Gellius, aliyeiandika habari hii katika karne ya 2, hakusema tu kwamba Androclus alimtibu simba. Alieleza namna. Kwanza alikichomoa kijiti. Halafu akaukamua usaha uliokuwa umejikusanya ndani ya jeraha. Mwisho akaipangusa damu. Simba akapitiwa na usingizi, mguu ungali mikononi mwa yule mtu. Wakaishi pamoja miaka 3, simba akiwinda na kumletea nyama, mpaka siku Androclus alipokamatwa akapelekwa Roma kutupiwa wanyama wakali. Simba aliyefunguliwa uwanjani ili amrarue akawa ni yuleyule, na badala ya kumrarua akamlamba mikono. Watu wakapiga kelele waachiwe wote wawili, wakaachiwa.

Mimi nawapa hadithi hii kwa ajili ya ule mpangilio: kijiti kwanza, kukamua baadaye. Tazameni watu wanavyofanya kibanzi kinapowaingia kidoleni. Mara moja vidole viwili vya mkono wa pili vinabana, vinakamua, vinafinya mpaka ngozi inakuwa nyekundu. Kibanzi hakitoki. Kikiwa cha mbao kavu kinakatika vipande, na sasa una vibanzi vitatu badala ya kimoja. Kikiwa kigumu kinasukumwa ndani zaidi. Androclus hakuwa tabibu, lakini alianza na lililo la kwanza.

Sasa tuondoke kwa Warumi, twende Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako mafundi huunda majahazi palepale ufukweni. Tezo inapopiga ubao, vibanzi huruka mchana kutwa, na watoto wanapita hapo peku wakienda kuogelea. Okota kimoja ukitazame. Mti una nyuzi ndefu zilizolala upande mmoja, na ubao hupasuka kwa kuzifuata hizo nyuzi. Ndiyo maana kibanzi huwa kirefu, chembamba, chenye ncha upande mmoja na mkia uliochanika upande wa pili. Kikiingia mwilini ni nadra kiende wima. Huingia kwa mshazari na kulala chini ya ngozi, ncha iko mbele, mkia uko karibu na tundu kilipopitia.

Wazee husema mwiba hutokea ulipoingilia, nao wamesema kweli tupu. Kibanzi kimekwisha jichimbia njia yake. Ukikivuta kuifuata njia ileile, kwa mshazari uleule, kinateleza. Ukikivuta wima, kinakwama kwenye ngozi na kukatika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuijua njia, na njia huijui bila kutazama.

Kutazama kwenyewe kuna adabu yake. Nawa mikono kwa sabuni, uoshe na mahali palipochomwa, halafu ukaushe vizuri. Usiloweke kwa muda mrefu: mbao ikinywa maji huvimba na kulainika, na mkia uliokuwa ukishikika sasa unamung'unyika. Nenda dirishani au mlangoni, kwenye mwanga wa jua. Kama kuna lenzi nyumbani, itumie. Kama kibanzi ni chembamba mno hakionekani, chukua kipande cha pamba, ukipitishe juu ya ngozi polepole, bila kukandamiza. Mahali mkia ulipochomoza, unyuzi mmoja wa pamba utanasa. Hapo ndipo mlango ulipo. Rudia kutoka upande mwingine, na kwa namna pamba inavyonasa utajua kibanzi kimelala kuelekea wapi. Mimi hufurahi sana ninapomwona mtoto akigundua jambo hili mwenyewe. Machozi hukatika hapohapo, maana sasa ana kazi ya kufanya.

Hatua inayofuata ni ya mtu mzima. Ukiwa mdogo, mwite mama, baba, shangazi au kaka mkubwa, na wewe kazi yako iwe kutuliza mkono na kushika taa. Anatakiwa awe na kibano, kile kidogo cha kung'olea nyusi. Kisafishwe kwa spiriti au kichemshwe dakika 10 hivi. Wengi hupitisha pini au sindano kwenye moto wa kiberiti, na moto huua vijidudu kweli, ila huacha masizi meusi, nayo yakiingia ndani ya ngozi ni uchafu mpya. Afadhali sufuria ya maji yanayochemka.

Mkia ukiwa nje, kibano kiushike karibu kabisa na ngozi, kisha kivute kwa utulivu kurudi kule kilikotokea. Haraka haina nafasi hapa. Mkia ukiwa umefunikwa, sindano iliyochemshwa inaweza kuifungua ngozi ya juu tu, kwenye tundu la kuingilia, hadi mkia ushikike. Tabaka la juu kabisa la ngozi yetu limekufa tayari, halina damu. Anayefungua vizuri hatoi damu, au hutoa tone. Ukiona damu inatiririka, mfunguaji amepita mpaka, amwachie muuguzi. Na kuchokonoa kwa kisu, kwa wembe wa zamani au kwa mwiba mwingine, jambo ninaloliona sana vijijini, naomba tuliache. Kibanzi kimoja kilikuwa na uchafu kidogo. Wembe wenye kutu unaongeza mwingi.

Kibanzi kikishatoka, acha damu kidogo itoke, osha tena kwa maji yanayotiririka na sabuni, kausha, funika kama mahali hapo pataguswa na vumbi. Tazama kibanzi chenyewe kwenye kiganja: kama ncha yake haipo, ncha hiyo imebaki ndani.

Sasa mtaniuliza: je, zile dawa za bibi? Kila nyumba ina yake. Kuna wanaobandika asali, kuna wanaobandika sukari iliyochanganywa na sabuni, kitunguu kilichochomwa, kipande cha kiazi kibichi, magadi yaliyokorogwa na maji, kisha wanafunga kitambaa usiku kucha na kusema asubuhi mwiba utakuwa umevutwa nje. Mimi siwadharau bibi zetu hata kidogo. Lakini mnastahili kujua kinachotokea chini ya kile kitambaa.

Mkikata kachumbari na kuitia chumvi, baada ya muda bakuli lina maji ambayo hamkuyamimina. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya nyanya na vitunguu. Asali na sukari hufanya hivyo hivyo kwenye ngozi: huvuta maji, ngozi inanyauka au kulainika, tundu linafunguka kidogo, na kibanzi kilichokuwa karibu na uso wa ngozi kinaweza kuinua mkia wake. Asali ina faida ya ziada, maana vijidudu vingi haviwezi kuishi ndani yake. Maji ndiyo yanayovutwa, si mti. Kibanzi kilichozama sana hakitakuja juu kwa kuitwa na kiazi. Kwa hiyo dawa ya kubandika ni ya kibanzi kidogo, cha juujuu, kisichouma sana, nayo ikae usiku mmoja. Haikufanya kazi? Usiirudie wiki nzima huku kidole kinavimba. Mti na mwiba ni vitu vilivyokuwa hai, na mwili hauvivumilii hata kidogo. Hupeleka chembe nyeupe za damu kuvizingira, na vita hiyo ndiyo inayoleta uvimbe, joto na usaha.

Miiba mingine ni midogo mno hata mingi yake kibano hakiishiki. Huko Laikipia, Kenya, kuna mpungate ulioletwa kutoka Amerika na sasa umetapakaa malishoni. Matunda yake mekundu ni matamu, na watoto wanaochunga mbuzi huyajua vizuri, lakini ganda lake limejaa vimiiba mfano wa vinyweleo ambavyo huingia mamia kwa mara moja, vidoleni na midomoni. Mbuzi nao huumia vinywa na matumbo. Watu wengi hukimbilia selotepu: bandika, bandua. Kwa vimiiba vya namna hii selotepu hutoa vichache. Kinachosaidia zaidi ni kuondoa kwanza vinavyoonekana kwa kibano, kisha kupaka gundi nyeupe ya shuleni, ile ya maji, kulaza juu yake kitambaa chepesi cha bandeji, kungoja ikauke kabisa, na kukibandua taratibu. Gundi kali ile ya kuunganishia viatu na plastiki isiguse ngozi.

Turudi pwani, maana bahari nayo ina miiba yake. Maji yanapokupwa Jambiani na Paje, hukohuko Unguja, wanawake hutoka kutafuta pweza na watoto hufuata nyuma. Kwenye mawe na mianya ya matumbawe amejibanza mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi. Ukimkanyaga, miiba huingia na kukatikia humohumo, nao huuma vibaya. Dawa ya mitaa ni utomvu wa papai bichi. Utomvu huo una kimeng'enya kinachovunja protini, na ndiyo maana wapishi hufunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai ili ilainike. Mwiba wenyewe lakini si nyama. Ni chokaa, sawa na ganda la konokono. Papai haliuyeyushi. Siki na ndimu ndizo zinazokula chokaa. Jaribuni: wekeni kipande cha ganda la yai ndani ya siki, mtaona vipovu vikipanda. Shida ni kwamba ndani ya nyama ya mguu siki hufika kidogo sana, nayo huenda polepole.

Kinachotuliza maumivu hayo ni maji ya moto. Mguu utumbukizwe katika maji yenye joto ambalo ngozi inalivumilia, kiasi cha nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mguu uliochomwa hauwezi kuyapima vizuri na unaweza kuungua. Miiba inayochomoza ivutwe kwa kibano. Iliyokatikia ndani isichokonolewe, kwa kuwa huvunjika kila inapoguswa. Na msiogope madoa meusi yanayobaki. Miiba hiyo huacha rangi yake kwenye tundu hata yenyewe ikiwa imetoka. Doa likififia baada ya siku mbili tatu, ilikuwa rangi tu. Lisipofifia, kuna kipande ndani, na hapo ni zahanati.

Zahanati, zahanati! Semeni neno hili bila woga. Mwiba uliochoma jicho usiguswe na mtu yeyote nyumbani. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa na mtoto apelekwe saa ileile. Aliyechomwa na mwiba wa mtende au wa mgunga uliozama karibu na goti au kifundo apelekwe pia, hata kama tundu ni dogo, kwani ncha ikibaki ndani ya kiungo goti linaweza kuvimba kwa majuma mengi. Kibanzi kirefu chini ya ukucha, kipande cha kioo, mwiba uliokatikia ndani sana, yote hayo si kazi ya sindano ya nyumbani. Na mahali palipotolewa mwiba pakiwa pekundu zaidi kila siku, pakatoa usaha, au mstari mwekundu ukapanda mkononi au mguuni pamoja na homa, msingoje kesho.

Kuna adui mmoja ambaye haonyeshi hata uwekundu. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, na hupenda mahali pasipo na hewa, hasa ndani ya tundu jembamba na refu lililoachwa na mwiba. Mwaka 1889 mtaalamu wa Japani, Kitasato Shibasaburo, alifaulu kuviotesha peke yao maabara, na siri yake ilikuwa hiyohiyo, kuvinyima hewa. Sumu yao husafiri hadi kwenye neva, taya hukaza, mgongo hupinda. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku 3 na 21, wakati mtoto amekwisha sahau kwamba alichomwa. Asali haizuii, papai halizuii, moto wa kiberiti hauzuii. Chanjo huzuia. Tanzania na Kenya huitoa kwa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda na huhitaji kuongezewa. Basi leo jioni mwombeni mama kadi yenu ya kliniki, mhesabu pamoja naye chanjo zilizoandikwa humo, na kama kuna iliyorukwa, mwambieni muuguzi mtakapokwenda.